Tom Rolt: Mtu Aliyekataa Reli Ife

Mgala muue na haki yake mpe, ndivyo walivyosema wahenga. Katika majarida ya chama cha Kiswahili tumezoea kusoma habari za marais, majemadari na washairi. Leo, ndugu msomaji, nakuletea mtu ambaye hakuomba kura wala hakuongoza jeshi. Huyu ni Tom Rolt, mhandisi na mwandishi wa Uingereza aliyefariki zamani. Kwa wapenzi wa garimoshi kule kwao, jina lake linatajwa kwa heshima kubwa, jinsi sisi tunavyomtaja Shaaban Robert.

Alifanya nini? Aliwaonyesha watu wa kawaida kwamba wanaweza kuichukua reli ya mashambani iliyokuwa ikikata roho, wakaiendesha wao wenyewe, kwa jasho lao na bila mshahara. Sisi Wakenya tuna neno moja tu kwa jambo kama hilo: harambee. Huenda ukauliza, harambee ya Wazungu inatuhusu nini sisi? Subiri kidogo, msomaji. Haraka haraka haina baraka.

UTOTO NA MASOMO

Rolt alizaliwa tarehe 11 Februari mwaka wa 1910 katika mji wa Chester. Jina lake kamili lilikuwa Lionel Thomas Caswall Rolt, na ndiyo maana vitabu vyake vina herufi L.T.C. mbele ya jina la ukoo. Sehemu ya utoto wake aliipitisha karibu na Hay-on-Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales. Wales ni nchi ya milima, mvua na mabonde mabichi, tena watu wake wana lugha yao wenyewe. Kijana huyo aliipenda milima ile tangu utotoni, na baadaye utaona jinsi mapenzi hayo yalivyomrudisha huko.

Alisoma katika shule ya Cheltenham, lakini vitabu vya darasani havikumshika kama vyuma vilivyomshika. Alipofika umri wa miaka kumi na sita, yaani umri wa wengi wetu hapa shuleni, aliacha shule akaenda kujifunza kazi. Kwanza alifanya kazi na mitambo ya mvuke iliyotumika kulima mashamba. Kisha akaingia kama mwanagenzi katika kiwanda cha Kerr Stuart huko Stoke-on-Trent, kiwanda kilichounda vichwa vya garimoshi. Mjomba wake alikuwa mhandisi mkubwa pale. Kijana akajifunza kukata chuma, kuunganisha mitambo na kusikiliza injini jinsi daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

KAZI YAPOTEA

Lakini ajali haina kinga. Mwaka wa 1930, dunia nzima ilipokuwa imeingia katika shida kubwa ya uchumi, kiwanda cha Kerr Stuart kilifilisika. Rolt alikuwa na miaka ishirini tu. Ana ujuzi, ana mikono miwili, lakini kazi hakuna. Ndugu zetu waliomaliza Kidato cha Nne wakakaa nyumbani wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Rolt hakukata tamaa. Alihangaika huku na huku akifanya vibarua, na baadaye akashirikiana na wenzake kuendesha gereji, wakitengeneza magari ya zamani. Katika miaka hiyo ndipo wazo moja lilipoanza kumea kichwani mwake. Aliona kwamba dunia ya siku hizi hutupa vitu upesi mno. Leo mtambo unasifiwa, kesho unauzwa kama chuma chakavu, na ujuzi wa yule fundi aliyeujua unatupwa pamoja nao. Rolt hakuchukia mashine. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi! Alichochukia ni kumwona fundi hodari akifanywa kama kitu kisicho na maana.

MASHUA IITWAYO CRESSY

Mwaka wa 1939 alimwoa Angela, na maharusi hawa hawakutafuta nyumba. Walihamia katika mashua ndefu nyembamba ya mbao iliyoitwa Cressy, ambayo zamani ilikuwa ya mjomba wake. Uingereza ina mifereji mingi iliyochimbwa kwa ajili ya kusafirishia makaa na bidhaa nyingine kabla ya reli kuja. Kufikia wakati wa Rolt, mifereji hiyo ilikuwa imesahauliwa, maji yamejaa matope na magugu. Wakasafiri humo, na Rolt akaandika kitabu kuhusu safari hiyo na kuhusu jamii za mabaharia wa mifereji zilizoishi kwa kubeba mizigo. Kitabu hicho, Narrow Boat, kilitolewa mwaka wa 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, na watu wakakipenda mno.

Kwa sababu ya kitabu hicho, mwaka wa 1946 Rolt alisaidia kuanzisha chama cha kutetea mifereji, akiwa pamoja na mwandishi aitwaye Robert Aickman. Mwanzoni walikuwa chanda na pete. Baadaye wakakosana vibaya. Aickman alitaka kila mfereji nchini uokolewe, hata ule uliokauka. Rolt alisema kwanza waisaidie ile ambayo mabaharia bado walikuwa wakiitegemea kwa riziki yao. Mvutano ukawa mkali hata Rolt akafukuzwa mwaka wa 1951 katika chama alichokianzisha mwenyewe. Hebu fikiria uchungu wake! Lakini mlango mmoja ulipokuwa ukifungwa, mwingine ulikuwa umekwisha kufunguka.

RELI YA TALYLLYN

Hapa sasa tunaingia katika kiini cha habari yetu. Pwani ya magharibi ya Wales kuna mji mdogo uitwao Tywyn. Kutoka pale inapanda reli nyembamba ya Talyllyn kuelekea milimani, mwendo wa kilomita kama kumi na moja. Upana wa reli hiyo ni milimita 686. Linganisha na reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ambayo upana wake ni mita moja, au ile mpya ya SGR yenye milimita 1,435. Kwa kweli ukiliona garimoshi la Talyllyn, utadhani ni mchezo wa watoto.

Lakini halikuwa mchezo. Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1860 na matajiri wa viwanda vya pamba wa Manchester. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani vilikuwa vimezuia pamba kufika Uingereza, nao wakatafuta biashara nyingine. Wakaingia katika machimbo ya Bryn Eglwys, milimani. Huko yalichimbwa mawe yanayopasuka bapa bapa, ambayo watu huezekea nyumba kama sisi tunavyoezeka mabati. Garimoshi liliteremsha mawe na kupandisha abiria. Liliwabeba wachimbaji, akina mama waendao sokoni na wageni waliokuja kutazama maporomoko ya maji ya Dolgoch.

Mwaka wa 1911 machimbo pamoja na reli vilinunuliwa na Sir Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Biashara ya mawe ilizidi kushuka, lakini mzee huyu aliahidi kwamba maadamu yu hai, garimoshi litakwenda. Naye akatimiza. Machimbo yalipoporomoka na kufungwa mwishoni mwa 1946, mzigo ukaisha kabisa, lakini kila kiangazi garimoshi liliendelea kutembea siku chache kwa wiki, hasara juu ya hasara. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka wa 1948, Talyllyn haikuchukuliwa. Ikabaki kama mtoto yatima ambaye hata serikali imemsahau. Kumbe kusahauliwa huko ndiko kulikomwokoa! Kama ingechukuliwa, labda ingefungwa upesi kama jirani yake, reli ya Corris, iliyofungwa mwaka huo huo wa 1948.

Rolt aliijua reli hii tangu miaka ya vita. Alikwenda Tywyn kupanda garimoshi akakuta siku hiyo halisafiri. Basi akatembea kwa miguu kufuata reli. Aliona nyasi zimefunika mataruma, kondoo wanalisha kati ya vyuma, na kila kitu kimechoka. Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Yeye hakuisahau.

MKUTANO WA BIRMINGHAM

Tarehe 2 Julai 1950 Sir Haydn alifariki. Ahadi yake ilikuwa ya maisha yake, na maisha yamekwisha. Kila mtu alijua garimoshi lingemaliza msimu ule, kisha vyuma viuzwe kwa kilo.

Rolt na marafiki zake wachache wa mji wa Banbury hawakukubali. Waliita mkutano wa hadhara katika hoteli moja mjini Birmingham tarehe 11 Oktoba 1950. Wakaja watu kama sabini hivi. Rolt akaeleza wazo lake: wao wenyewe waunde chama, wachange fedha, na wanachama wajitolee kuitengeneza na kuiendesha reli. Kumbuka kwamba jambo hilo lilikuwa halijafanywa popote duniani. Kuhifadhi kichwa kimoja cha garimoshi katika jumba la makumbusho, hilo lilikuwa limefanywa. Lakini kuchukua reli nzima, na stesheni zake, na ratiba yake, na hatari zake, iendeshwe na makarani, walimu na mafundi siku zao za mapumziko? Wengi waliona ni ndoto za mchana.

Chama kikaundwa. Wakaenda kuzungumza na mjane wa Sir Haydn, naye akakubali kuwakabidhi reli. Mtu aliyesaidia sana hapo ni mzee Edward Thomas, meneja wa reli aliyeitumikia kwa miaka mingi mno na kuijua kama kiganja cha mkono wake. Mapema mwaka wa 1951 mambo yakatiwa saini. Rolt akawa meneja mkuu.

JASHO LA 1951

Tusidanganyane, msomaji. Kupewa reli ni jambo moja, kuitembeza ni jambo jingine. Rolt alikuta mataruma yameoza kiasi kwamba sehemu nyingine vyuma vilishikiliwa na mizizi ya nyasi tu! Reli zikitanuka kidogo, magurudumu yanatumbukia katikati, na garimoshi linakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Vichwa vya garimoshi vilikuwa viwili tangu reli ijengwe. Cha kwanza, kiitwacho Talyllyn, kilikuwa kibovu kabisa. Cha pili, Dolgoch, cha mwaka wa 1866, kilikuwa bado kinajikokota. Reli nzima ikaanguka mabegani mwa ajuza mmoja wa chuma mwenye umri wa miaka themanini na mitano.

Bahati njema, vichwa viwili vya ile reli jirani ya Corris vilikuwa vimewekwa tu, na upana wa reli zile mbili ulikuwa sawasawa. Chama kikavinunua kwa bei ya chini kabisa. Kimoja kilipewa jina la Sir Haydn na kingine jina la mzee Edward Thomas. Sir Haydn kilisumbua mwanzoni, maana magurudumu yake yalikuwa membamba mno kwa reli zilizotanuka, kikawa kinaanguka ovyo. Lakini Edward Thomas kikaja kuwa mkombozi kilipotengenezwa. Na sikiliza ajabu hii: kichwa hicho kiliundwa mwaka wa 1921 katika kiwanda kile kile cha Kerr Stuart kilichofilisika na kumwacha Rolt bila kazi. Kiwanda kimekufa, lakini mtoto wake amerudi kumsaidia mwanafunzi wa zamani. Mungu hamtupi mja wake.

Tarehe 14 Mei 1951, garimoshi la kwanza la wanachama liliondoka Tywyn likafika stesheni ya Rhydyronen, mwendo mfupi tu. Halikwenda mbali, lakini lilikwenda! Kiangazi chote Dolgoch ilipanda na kushuka. Wanachama walikuja kutoka mijini wakang'oa magugu, wakabadilisha mataruma, wakatia makaa, wakakata tiketi. Mtu ni karani wiki nzima, Jumamosi ni gadi wa garimoshi. Rolt mwenyewe alikuwa ofisini, alikuwa njiani, alikuwa chini ya injini. Usiku hakulala vizuri, kwa kuwa alijua boila moja ikipasuka au behewa moja likipinduka, watu wataumia na ndoto yote itakwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli, lakini vidole vingi visipokuwa na kiongozi vinaumizana.

GHARAMA YAKE

Haifai kumsifu mtu bila kutaja alicholipa. Mwaka ule ule wa 1951 ndoa ya Rolt na Angela ilivunjika. Mke alikwenda zake kujiunga na sarakasi ya kusafiri. Mashua Cressy ilikuwa imechakaa, nayo akaiacha. Amefukuzwa katika chama cha mifereji, hana mke, hana nyumba ya maji wala ya nchi kavu. Alichobaki nacho ni reli iliyooza. Pengine ndiyo maana aliifanyia kazi kwa nguvu zile zote.

Baadaye alimwoa Sonia, mwanamke shupavu aliyekuwa amefanya kazi ya kuendesha mashua za mizigo katika mifereji wakati wa vita. Wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wakaishi katika nyumba ya wazazi wake huko Stanley Pontlarge, Gloucestershire. Rolt alishikilia umeneja kwa misimu miwili tu, kisha akawaachia wenzake. Aliporudi kwenye kalamu, aliandika kisa cha reli hiyo katika kitabu Railway Adventure, kilichotoka mwaka wa 1953. Mwaka huo huo pia ilitoka filamu ya kuchekesha, The Titfield Thunderbolt, kuhusu wanakijiji wanaoiokoa reli yao. Mwandishi wa filamu hiyo alikuwa amepata wazo kutoka Talyllyn.

Tena, wale mlio na wadogo wanaopenda hadithi za garimoshi aitwaye Thomas, jueni hili: mwandishi wake, Kasisi Awdry, naye alijitolea kule Talyllyn kama gadi. Siku moja aliruhusu garimoshi liondoke akamsahau mama aliyeuza chai na viburudisho kituoni! Kisa hicho akakitia katika kitabu chake kimojawapo.

Rolt aliandika vitabu vingine vingi kuhusu wahandisi wakubwa, kama vile Brunel (1957) na Telford (1958). Aliandika pia Red for Danger (1955) kuhusu ajali za garimoshi na mafunzo yake. Kijana aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita alikuja kutunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu vya Newcastle na Bath. Alifariki tarehe 9 Mei 1974, akiwa na umri wa miaka 64.

MBEGU ALIYOPANDA

Mwaka wa 1963, serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya Daktari Beeching iliyopendekeza kufunga vituo zaidi ya elfu mbili na maelfu ya maili za reli, hasa za mashambani. Magari na malori yalikuwa yamewanyang'anya abiria na mizigo. Vijiji vingi vikaamka asubuhi vikakuta havina garimoshi tena. Lakini safari hii watu walikuwa na mfano. Reli ya Ffestiniog kule Wales ilikuwa imeanza kufufuliwa mwaka wa 1955, na ya Bluebell kusini mwa Uingereza mwaka wa 1960. Wengine wakafuata. Leo reli za urithi nchini humo zimezidi mia moja, na nyingi zinategemea watu wanaojitolea. Talyllyn yenyewe iliongezwa mpaka Nant Gwernol mwaka wa 1976, na kichwa chake kimoja kinaitwa Tom Rolt. Mwaka wa 2021, UNESCO iliyaweka maeneo ya machimbo yale ya kaskazini magharibi mwa Wales, pamoja na reli hiyo, katika orodha ya urithi wa dunia.

NA SISI JE?

Sasa nimjibu yule aliyeuliza yatuhusu nini. Kenya nayo ina reli za mashambani zilizolala. Matawi yaliyobeba kahawa, mahindi na abiria wa vijijini yalinyamaza moja baada ya jingine, nyasi zikaota, na vyuma vingine vikaibwa. Mwaka wa 2020 reli ya Nanyuki ilifufuliwa baada ya kulala miaka mingi, na baadaye ile ya Kisumu hadi Butere ikatengenezwa. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini tofauti yetu na Talyllyn ni moja: zetu zilifufuliwa na serikali kwa fedha za serikali. Mwenye fedha akichoka, nani atabaki kung'oa magugu? Sir Haydn aliipenda reli yake, lakini mapenzi ya mtu mmoja huzikwa naye. Mapenzi ya watu wengi hurithiwa.

Si lazima tuendeshe garimoshi. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1971, lina vichwa vya mvuke vya enzi zile, na limo behewa ambalo Bwana Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka wa 1900. Twende tukaone. Kisha turudi vijijini tukawaulize babu zetu waliofanya kazi relwe: nani alikuwa dereva, nani alitia makaa, garimoshi lilipita saa ngapi, lilibeba nini? Tuandike kwa Kiswahili, tuweke katika maktaba ya shule. Rolt alianza kwa kutembea kando ya reli iliyosahauliwa na kutazama kwa makini. Hata sisi tuna miguu, tuna macho, tena tuna kalamu.